Unga Uliogoma Kuumuka

Nanaimo, 2 Oktoba

Kalyna mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na paka. Mimi sijambo. Magoti yananikumbusha umri mvua ikinyesha, na huku pwani mvua hainyeshi, inaishi hapa hapa. Lakini tangu nihame sijakanyaga barafu, na asubuhi ya leo nimepita kwenye ua la waridi limechanua kana kwamba halijaambiwa kuwa ni Oktoba. Baba yako amenieleza kwamba wameshapanga vitu vyao huko mji wa Esterhazy na ameanza zamu kwenye mgodi wa chumvi ya potashi. Mwambie mama yako asimpe maharage kabla ya zamu. Wale wanashuka kilomita nzima chini ya ardhi, wenzake watakimbilia wapi?

Najua unajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Jumapili nilikupigia. Tuliongea dakika kumi na moja, ukasema "ndiyo, Shangazi" mara tisa na "sawa" mara sita. Nimeendesha basi la shule hapo Saskatoon miaka ishirini na tisa. Nawajua watoto wanaokaa kiti cha nyuma ya dereva wasitoe neno mpaka washuke. Mara nyingi hao ndio wenye mengi kichwani. Kwa hiyo niandikie. Karatasi haikukodolei macho.

Sasa neno lenyewe. Ni kuhusu nyumba yangu ya Barabara ya J. Tangu Julai unaishi humo na kunitunzia, na nashukuru. Mimi nalipa kodi ya jiji na bima, wewe gesi ya kupasha nyumba joto, umeme na maji. Lakini kuna dalali anayeniletea kadi kila mwezi, zina picha yake akicheka meno yote, anasema ana mnunuzi. Nimeahidi kumjibu kabla ya Pasaka. Nitaiuza, au sitaiuza. Sitaki kuamua kwa moyo, moyo wangu hauna akili. Kila mwezi niandikie kuishi Saskatoon siku hizi kunagharimu nini. Usinipambie na usinitishe.

Najua nyumba ikiuzwa itakubidi upange chumba, na kwa mshahara wako huwezi kulipa chumba na chuo pamoja. Sikuandikii hivyo ili ukose usingizi. Nataka tu ujue kwamba nalijua.

Shangazi yako,
Orysia


Saskatoon, 16 Oktoba

Shangazi Orysia,

Shikamoo. Barua yako ilifika Ijumaa nikaisoma nimesimama mlangoni na viatu vyangu. Mimi ni mzima. Paka wako Filko pia ni mzima, ila amenuna kwa sababu theluji ya kwanza imeanguka jana na anaamini ni mimi niliyeileta. Mama anasema Esterhazy ni pazuri, na kwamba Baba amekatazwa maharage.

Asante kwa kuniambia wazi. Mimi pia nitakuambia wazi: naitaka sana ile kozi ya ukutubi. Ni miaka miwili, inaanza Septemba, na fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa Machi. Kule maktaba mtu anamuuliza mkutubi swali moja, anapewa kitabu, anaondoka. Naona kazi hiyo ninaiweza.

Kuhusu bei, nina bahati, maana kazi yangu kule supamaketi ni kubadilisha vibandiko vya bei kwenye rafu kila Alhamisi asubuhi. Zamani nilidhani ni kazi ya kimya. Wiki hii nilikuwa kwenye friji ya siagi, Mama Hrycak wa kanisani akanikuta.

"Wewe binti! Siagi imefanya nini tena?"

Nikaendelea kubandika.

"Wiki iliyopita dola sita. Leo saba kasoro kidogo. Kwani imeenda chuo kikuu? Imepata digrii?"

Mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni ya matrekta akasema, "Mwache mtoto wa watu. Siyo yeye aliyepandisha."

"Kibandiko kiko mkononi mwa nani?"

"Na wewe mumeo alipouza ngano mwaka jana kwa bei ile, mlirudisha chenji?"

"Usiniletee ngano hapa, Walter. Tunaongea siagi." Halafu akanigeukia. "Nipe mbili, mwanangu, kabla hujageuka tena na hicho kidude chako."

Nikampa mbili. Aliniuliza habari zako nikasema hujambo. Hayo ndiyo maneno pekee niliyosema.

Bei zenyewe ni hizi. Nyama ya kusaga kilo moja dola kumi na tatu. Maziwa lita nne dola sita. Viazi sijanunua, Baba aliacha magunia mawili na karoti kwenye ghala lako baridi la chini ya ngazi. Chumba kimoja cha kupanga mtaani kwetu, nimesoma matangazo kwenye ubao wa duka, ni elfu moja na mia moja kwa mwezi, na kimoja kimeandikwa "dirisha lipo" kana kwamba ni zawadi. Mimi napata dola kumi na tano kwa saa, saa ishirini na nane kwa wiki. Gesi ya Septemba ilikuwa dola arobaini na moja.

Nina swali. Wewe huko unalipa kiasi gani? Sijawahi kukusikia ukisema.

Wako mtiifu,
Kalyna


Nanaimo, 9 Novemba

Kalyna mwanangu,

Salamu kutoka kwenye mvua. Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli. Nimefurahi kwamba Mama Hrycak bado ana sauti. Yeye na mimi tulishawahi kugombana miezi minne kwa ajili ya sufuria, na siku tulipopatana hakuna aliyekumbuka sufuria ilikuwa ya nani.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ile ya dirisha imenichekesha mpaka nikakohoa. Hesabu zako ni safi. Endelea hivyo hivyo, na kuanzia sasa nataka hasa bili ya gesi, maana nyumba ile naijua: Oktoba inakuwa na adabu, Januari inakula kama mchimba mitaro. Mwezi wa baridi kali haijawahi kushuka chini ya mia na hamsini.

Niambie pia, ghala la chini ya ngazi bado lina harufu ile ya udongo na tufaha? Na ule ubao wa tatu wa ngazi, bado unalia? Unaukanyaga pembeni, siyo katikati. Na mto umeanza kuganda kandokando au bado?

Hayo si ya hesabu. Nauliza tu.

Hapa kuna ua limechanua ambalo hata jina lake silijui.

Shangazi yako,
Orysia


Saskatoon, 12 Desemba

Shangazi Orysia,

Shikamoo, na pole na mvua. Sisi huku tuko kwenye nyuzi hasi ishirini na sita, lakini kuna jua, na mto umeganda kandokando huku katikati unafuka moshi. Ghala bado lina harufu hiyo hiyo. Ubao wa tatu bado unalia, na nimejifunza kuukanyaga pembeni. Filko amehamia juu ya friji, analala hapo mchana kutwa, hashuki hata nikimwita kwa jina. Baba na Mama watakuja kwa Krismasi yetu ya Januari, ile ya kalenda ya zamani ya kanisa, kama barabara itakuwa wazi.

Nina habari njema ya kuanza nayo. Gesi ya Novemba ilikuwa dola sabini na nne tu! Nimeiangalia bili mara tatu nisije nikawa nimekosea. Kwa hiyo naona nyumba hii haina gharama kubwa kama ulivyokuwa ukihofia. Umeme dola hamsini na tano, maji arobaini na nane. Nyama ya kusaga sasa ni kumi na tatu na nusu, lakini mimi nakula zaidi viazi, kwa hiyo hainihusu sana.

Jumamosi nilikwenda kwenye chumba cha chini cha kanisa kubana pirohi za unga na viazi. Wanatengeneza dazeni mia mbili za kuuza, fedha zinalipa joto la ukumbi mpaka Pasaka. Mama Hrycak alinipa nafasi yako mezani, ile ya karibu na jiko.

"Bana kingo, Kalyna, bana! Ikifumuka kwenye maji ya moto ni aibu ya ukoo mzima wa Prystupa."

"Ndiyo, Mama."

"Shangazi yako alikuwa anabana thelathini huku anamsengenya mtu mmoja mwanzo mpaka mwisho. Anarudi lini?"

"Yuko kule kwenye maua."

"Maua!" akawaambia wenzake. "Mmesikia? Orysia anakula maua siku hizi."

Wakacheka wote, na mmoja akasema magoti ni magoti, asilaumiwe mtu. Mimi nilibana mia moja na kumi. Zilizofumuka ni nne, wakanipa nizile nyumbani. Shangazi, kule chini kulikuwa na joto zuri sana. Nilibaki kuosha sinia hata zamu yangu ilipokwisha, mpaka wakafunga.

Hujajibu swali langu la Oktoba.

Wako mtiifu,
Kalyna


Saskatoon, 9 Januari

Shangazi Orysia,

Shikamoo, na heri ya Krismasi na ya mwaka. Kadi yako ilifika, na dola ishirini zilizokuwamo ndani nimezinunulia mbegu za mpopi na asali kwa ajili ya ngano ya kuchemsha ya mkesha. Baba na Mama hawakufika. Tufani ya theluji ilifunga barabara siku mbili nzima. Nilipika mwenyewe. Vyakula kumi na viwili vya desturi sikuviweza, nilifikisha saba, na cha saba kilikuwa matango ya chupa.

Nilimkaribisha Mzee Wiebe, jirani, kwa sababu alinisaidia jambo moja. Ni wa kanisa la Menonite na Krismasi yake ilikuwa imeshapita, lakini alisema hana kipingamizi cha kula mara mbili. Alikaa mezani na koti lake mwanzo mpaka mwisho. Nadhani alikuwa na haraka.

Mkate wa kusuka ulinishangaza. Niliukanda Jumamosi asubuhi kwa kipimo chako kile kile cha daftari la kahawia. Mchana ulikuwa haujasogea. Jioni haujasogea. Uliumuka Jumapili baada ya saa sita mchana. Nilidhani hamira imekufa, kumbe ilikuwa inafikiri. Lakini ulikuwa mtamu, Mzee Wiebe alikula vipande vitano, ila siagi ilikuwa ngumu mpaka kisu kikapinda.

Gesi ya Desemba: dola themanini na mbili. Naona hata Januari haitafika mia.

Natumaini hesabu hizi zinakusaidia kuamua.

Wako mtiifu,
Kalyna


Nanaimo, 22 Januari

Kalyna mwanangu,

Heri ya mwaka. Hatujambo wote, mimi na magoti. Salamu nimezimaliza, sasa keti.

Kitufe cha joto ukutani kiko kwenye nyuzi ngapi?

Usinijibu, nitakujibia. Paka anaishi juu ya friji, mahali pekee penye joto la mashine. Mtoto anabaki kuosha sinia za kanisa ambazo hakuna aliyewahi kubaki kuziosha tangu ukumbi ujengwe. Mzee Wiebe, ambaye nimemwona akifagia theluji na fulana, anakula chakula cha mkesha na koti. Siagi inapinda kisu. Na mkate wangu, ambao jikoni kwangu huumuka kwa saa moja na nusu, umechukua siku nzima na nusu. Hamira haikuwa inafikiri, Kalyna. Ilikuwa inatetemeka. Mimi nasema ni nyuzi kumi na tatu. Huenda kumi na mbili.

Niliposoma dola sabini na nne nilifurahi siku mbili. Nilichukua penseli, nikajumlisha pensheni yangu, nikaona inatosha. Siku ya tatu nikamfikiria yule paka.

Nilikuuliza kuishi kunagharimu nini. Wewe umeniandikia gharama ya nyumba isiyo na mtu.

Naelewa kwa nini. Ulidhani bili ikiwa ndogo nitaona nyumba hainisumbui, nami nitaiacha. Sikulaumu, kwa sababu na mimi nina langu, na sina haki ya kukufokea kabla sijalitoa.

Umeniuliza mara mbili ninalipa kiasi gani. Nalipa dola elfu moja na mia tatu kwa mwezi. Siyo lile ghorofa nililokuonyesha kwenye picha. Rafiki yangu Verna, niliyekuwa naishi naye, alihamia kwa mwanawe mwezi wa Aprili, na peke yangu sikulimudu. Sasa nina chumba kimoja nyuma ya jiko la watu, na jiko langu mwenyewe lina plate moja. Supu ikiiva, chai inasubiri zamu. Dirisha lipo. Ndiyo maana nilikohoa.

Lile waridi ni la jirani.

Sikutaka mtu wa Saskatoon ajue. Niliondoka hapo nikijigamba kwa wanawake wote wa pirohi kwamba sitaona tena barafu maishani. Sasa nitarudi na sura gani? Ndiyo maana nilikuwa nataka hesabu, zile za kweli. Sikuwa natafuta sababu ya kuuza. Nilitaka kujua kama nikirudi tutaweza, wewe na mimi, kwenye nyumba yenye joto.

Kwa hiyo, washa. Nyuzi ishirini, leo. Ubandike utepe juu ya kitufe usikiguse. Halafu uniandikie bili ya ukweli, hata ikiwa ya kutisha, ndipo nitamjibu yule mwenye meno.

Shangazi yako,
Orysia


Saskatoon, 8 Februari

Shangazi Orysia,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku ni hasi thelathini na nne na sijapata barua yako tangu kadi ya Krismasi. Nadhani ipo. Masanduku ya barua ya mtaa wetu yaliingiwa na mvua ya barafu wiki ya mwisho ya Januari, kisha kukaganda, na kufuli la sanduku letu limejaa barafu. Ufunguo unaingia nusu. Nikichungulia kwenye ufa naona kona ya bahasha ya bluu, na bahasha za bluu ni zako.

Ningeweza kupiga simu posta waje. Ningeweza kumwita Mzee Wiebe. Siku kumi na mbili sijafanya lolote. Mwanzo nilijiambia ni aibu ya kuongea na watu. Jana nimegundua si aibu peke yake. Naogopa kwamba ndani ya bahasha umeandika nyumba imeuzwa, na kufuli likiwa limeganda bado haijauzwa.

Kwa hiyo nimeamua jambo moja. Kabla sijasoma barua yako nataka wewe usome hii, ili usije ukafikiri nimeungama kwa sababu ya ulichoandika.

Hesabu zangu za gesi zilikuwa za kweli, lakini hazikuwa za haki. Tangu Novemba kitufe kimekuwa kwenye kumi na mbili. Nimefunga vyumba vya juu, nalala jikoni kwenye godoro, na soksi tatu. Nilitaka uone nyumba ni rahisi usiiuze. Na wiki ya kabla ya Krismasi yetu bomba la nyuma ya sinki liliganda. Lile ndilo jambo Mzee Wiebe alilonisaidia. Alilala chali chini ya sinki saa mbili nzima na mashine ya kukaushia nywele ya marehemu mkewe. Alisema, "Mwanangu, kama unataka kuwa samaki wa friza, sema tukupange vizuri." Halikupasuka. Lakini lingeweza kupasuka, na ningekuwa nimeiharibu nyumba ile ile niliyokuwa najidai naiokoa.

Samahani, Shangazi. Uliniambia nisikupambie, nami nimekupambia.

Hii naiweka posta kwanza. Nikirudi nitagonga mlango wa Mzee Wiebe, tufungue sanduku. Na nimeshawasha joto. Sijui ni kiasi gani itakuwa, lakini nitakuandikia hivyo hivyo ilivyo, hata kama umeshauza.

Wako,
Kalyna


Nanaimo, 19 Februari

Kalyna mwanangu,

Salamu nyingi, na kwa Mzee Wiebe zaidi kidogo, kwa ajili ya mgongo wake.

Barua zetu zimepishana njiani kama majirani wawili walioazimana ngazi, kila mmoja anaipeleka kwa mwenzake. Niliposoma yako nilikaa kwenye kitanda changu, maana kiti hakiingii, nikacheka na kulia kwa pamoja, mwenye nyumba akagonga ukuta kuuliza kama niko salama.

Umepata kumi na mbili. Mimi nilisema kumi na tatu. Nazeeka.

Bomba ni bomba. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliacha basi zima bila kulichomeka kwenye umeme wa kupasha injini usiku wa hasi arobaini, na asubuhi watoto hamsini na mbili walisubiri barabarani wakiimba nyimbo za kunikejeli. Baba yako alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyekuwa anaongoza. Hakuna aliyenifukuza kazi.

Nasubiri bili. Ile ya kweli.

Jaza fomu ya chuo usisubiri mimi.

Orysia


Saskatoon, 5 Machi

Shangazi Orysia,

Shikamoo. Sote wazima. Mama amepata kazi ya siku tatu kwa wiki kwenye maktaba ya Esterhazy na anasema ameniwahi. Baba anakana habari za nyimbo, lakini alikana huku anacheka. Mzee Wiebe anarudisha salamu. Sanduku alilifungua kwa kuupasha ufunguo moto kwa kiberiti, tendo la dakika mbili, na siku zile kumi na mbili zikaniuma zaidi.

Barua yako ya Januari niliisoma pale pale kwenye theluji. Mzee Wiebe aliniuliza, "Ni habari mbaya?" Nikamwambia, "Waridi ni la jirani." Akanitazama kama mtu anayefikiria kuita daktari.

Bili ya gesi ya Februari: dola mia mbili na kumi na moja. Nimeisoma mara mbili, mara zote mbili bila koti. Umeme sitini. Maji arobaini na tisa. Kitufe kiko ishirini na kina utepe juu yake. Nusu yangu ya vyote ni mia moja na sitini, na kwa saa zangu za dukani naimudu hata nikiwa chuoni, kama nitafanya kazi mwishoni mwa wiki. Nusu yako ni hiyo hiyo. Unalipa elfu moja na mia tatu kwa plate moja. Sikuambii uamue nini. Nakuandikia bei tu, kama ulivyoniagiza.

Fomu nimeipeleka. Kulikuwa na sehemu inayosema upige simu kuthibitisha, nikapiga. Yule mama wa chuo aliniuliza kwa nini nataka ukutubi, nikamjibu kwa sentensi tano. Nilizihesabu.

Alhamisi Mama Hrycak alikuja kwenye friji ya siagi. Nilikuwa na kibandiko mkononi, na safari hii ilikuwa imeshuka senti thelathini. Kabla hajafungua mdomo nikasema, "Mama Hrycak, imeacha chuo." Mkono wake ulibaki juu ya siagi, Shangazi. Kisha akapiga ukelele akamwita Walter kutoka kwenye rafu ya nafaka: "Walter! Njoo! Mtoto wa Prystupa anaongea!" Nilikuwa mwekundu mpaka saa ya chakula. Akanunua nne. Halafu akainama akaniuliza polepole, siyo kwa sauti yake ile, kama ni kweli unafikiria kurudi. Sikuwa nimemwambia mtu. Nikasema sijui. Akasema, "Ukimwandikia mwambie kiti chake cha karibu na jiko kipo, na hakuna atakayetaja maua. Nitawakataza mwenyewe." Naamini atawakataza. Siamini kwamba yeye mwenyewe ataweza.

Leo asubuhi nimekanda unga kwa kipimo cha daftari la kahawia. Ilikuwa saa nne. Nimeketi kukuandikia, na nilipofika kwenye bili nikasikia Filko ameruka chini, kwa sababu siku hizi halali tena juu ya friji. Ni saa tano na nusu sasa. Unga umesukuma kitambaa umekiangusha sakafuni.

Nimeondoa vitu vyangu kwenye chumba chako, nimefungua vyumba vya juu, na ule ubao wa tatu nimeuacha ulie, maana uliuulizia.

Siagi iko mezani, Shangazi. Ni laini.

Kalyna wako